Jina la Kumnyamazisha Mtoto

Lusweti alikuwa akimwonea wivu mtu aliyekwisha kuzikwa. Wivu wa mtu aliye hai una dawa zake: unaweza kumfuata ukamkunja shati, unaweza kuhama mtaa, unaweza hata kumwombea mabaya. Lakini marehemu utamfanya nini? Shati lake limezikwa naye, na mabaya yote yamekwisha kumpata. Basi Lusweti alikwenda na wivu wake karakana ya reli asubuhi, akarudi nao mtaani Kaloleni, Nairobi, jioni, akala nao, akalala nao.

Jioni hiyo ya Agosti mwaka wa tisini na sita alimkuta mkewe, Everline Ayuma, amesimama katikati ya chumba akimtikisa mtoto begani. Mtoto alikuwa wa kiume, hajatimiza mwezi, na alikuwa akilia tangu mchana. Hakikuwa kilio cha njaa. Akipewa ziwa alinyonya kidogo akaliacha, akaendelea kulia.

"Bado?" Lusweti aliuliza.

"Bado, Baba Lorraine. Na mwili unachoma. Hebu mshike hapa shingoni."

Lorraine, mtoto wao wa kwanza, alikuwa akilelewa na nyanya yake huko Bungoma, lakini jina lake lilibaki Nairobi kuwaheshimisha wazazi. Lusweti hakumshika mtoto shingoni. Alivua viatu, akaketi, akamtazama kwa mbali, kama mtu aliyewekewa sahani na hana hakika ni nani aliyeilia kwanza.

"Ulimpeleka wapi akapata baridi?"

"Sijampeleka popote. Hajatoka hii nyumba."

"Yeye hajatoka. Sawa. Na wewe?"

"Mimi nitoke niende wapi na mtoto mchanga?"

"Sijasema sasa."

Ayuma aligeuka, akajifanya anatafuta shuka. Maneno ya namna hiyo alikuwa ameyasikia tangu Juni. Mumewe angekuwa anakula ugali, kisha bila kuinua macho aulize, "Mwaka huu Mumias kumenyesha sana, ama?" Au amsikie mtu redioni akitangaza kifo, aseme, "Kwenu siku hizi wanazika Ijumaa ama Jumamosi?" Naye Ayuma angejibu, "Nitajuaje?" huku akigeukia jiko. Alidhani ni bahati mbaya tu. Alidhani mumewe hajui.

Mumewe alijua. Mwezi wa sita alikuwa ametumwa Voi na wenzake kuinua mabehewa yaliyoacha reli, akakaa huko wiki nzima. Aliporudi alimkuta mke na tumbo lake la miezi saba, na sufuria mahali pake. Kisha siku moja, akicheza drafti nje ya ukumbi wa Kaloleni, akaambiwa habari ambayo hakuiuliza. Aliyemwambia alikuwa Wandera, fundi seremala wa kwao, mtu ambaye hawezi kukaa na neno mdomoni likapoa.

"Pole na msiba," Wandera alisema, akila kete ya Lusweti.

"Msiba upi?"

"Si huyo Shiundu wa Mumias, mwenye alikuwa na bibi yako zamani. Mimi ndio nilitengeneza sanduku. Na shemeji nilimwona huko."

"Ulimwona wapi?"

"Kaburini. Mzee wao alisema wajane wa marehemu wasimame. Wakasimama wawili. Halafu bibi yako naye akasimama." Wandera alisogeza kete nyingine. "Na ile tumbo. Watu wakaangaliana kidogo. Lakini aliomboleza vizuri, siwezi kudanganya."

Waliokuwa wakitazama mchezo walicheka chini chini. Lusweti alishindwa mchezo ule, akashindwa na uliofuata, akaenda nyumbani kwa njia ndefu. Shiundu alikuwa ametoa ng'ombe kwa wazazi wa Ayuma, na wawili hao walipoachana, bila mtoto, ng'ombe hawakurudishwa. Lusweti mwenyewe alikuwa bado hajapeleka hata kwato. Kwa hiyo mtu angeweza kusema, na bila shaka walikuwa wakisema, kwamba analala na mke wa marehemu. Tumbo lile lilikuwa lake, hilo alilijua. Lakini wivu hausikii hesabu. Angemuuliza mkewe siku hiyo hiyo wangegombana na yakaisha. Hakuuliza. Alitaka aseme mwenyewe, tena kwa kupiga magoti, na kila siku aliyonyamaza ikawa kosa jingine juu ya lile la kwanza.

Asubuhi walikwenda kliniki pamoja. Lusweti aliomba ruhusa kazini, na majirani wakamsifu kuwa ni baba anayejali. Hakuwa mbaya kiasi cha kutomjali mtoto. Lakini pia hakupenda mkewe aketi peke yake mbele ya daktari kijana mwenye miwani, na kati ya sababu hizo mbili hata yeye hangeweza kusema ni ipi iliyomwamsha mapema.

Daktari alimbonyeza mtoto tumbo, akamvuta kope la chini akaangalia rangi yake, akamgeukia mama.

"Ukiwa na mimba uliugua homa?"

"Kichwa tu ndio kiliniuma, na kuchoka. Nikajua ni mimba."

"Ulisafiri? Upande wa magharibi, ama Pwani?"

Chumba kilikuwa kidogo. Goti la Lusweti liligusana na la mkewe, na alihisi likikakamaa. Akakaa wima. Hatimaye, alifikiri. Mimi anaweza kunidanganya, lakini hatamdanganya daktari mtoto akiwa mezani.

"Jibu daktari," alisema kwa upole.

"Hapana," Ayuma alisema. "Sijasafiri."

"Hata kwenda nyumbani mara moja? Nauliza kwa sababu hapa Nairobi mtu haumwi na malaria akiwa amekaa kwake. Watu hutoka nayo huko. Na mama anaweza kuwa nayo kwenye damu asijue, akampa mtoto kabla hajazaliwa. Si kawaida, lakini hutokea."

"Sijatoka Kaloleni."

Daktari alimtazama Lusweti. "Ni kweli, mzee?"

Hapo ndipo ilipokuwa njia, pana na nyeupe. Neno moja tu, na damu ya mtoto ingepimwa pale pale. Lakini mbele ya Lusweti hapakuwa na mtoto. Palikuwa na mwanamke aliyesimama kati ya wajane, tumbo mbele, watu wakiangaliana.

"Si umesikia vile amesema," alijibu.

Daktari alitibu alichoambiwa. Aliandika sindano za maambukizi ya kawaida ya watoto wachanga, mtoto aletwe kila asubuhi kudungwa, na akizidi wasingoje, waende moja kwa moja hospitali kubwa. Walirudi Lusweti akiwa mbele na Ayuma nyuma. Njia nzima alikuwa akisema moyoni: amedanganya daktari kwa ajili ya yule. Hata amekufa, bado anamficha.

Jumamosi Ayuma alikuwa kwenye mfereji akifua nepi, mtoto mgongoni. Jirani yake Teresiah alikuja na ndoo. Teresiah, ambaye wote walimwita Mama Mugo, aliuza mitumba soko la Gikomba, na kitambaa cheusi alichojifunga Ayuma kwenye maziko kilitoka kwenye bunda lake.

"Sindano imemsaidia?"

"Wapi. Akinyonya anatapika. Na ona macho, imekuwa manjano."

Teresiah aliinua kona ya leso, akatazama, akaifunika tena. "Ulimwambia daktari ulienda huko kwenu?"

Ayuma alikamua nepi ambayo ilikuwa imekwisha kukamuliwa.

"Mama Lorraine. Ulimwambia?"

"Baba Lorraine alikuwa hapo."

"Kwani yeye ndio mgonjwa?"

"Wewe humjui. Nikitaja jina la Shiundu hata kwa bahati mbaya, chakula hakiliwi. Na mimi nilienda kwa sababu ya huyu mtoto. Mama alinitumia neno. Ng'ombe wa Shiundu bado wako kwetu, kwa hivyo kwa wazee mimi bado ni bibi yake. Nisipotupa udongo kwa kaburi, kile nimebeba hakitakaa. Sasa ningefanya nini? Tulilala nje na waombolezaji, mbu wanatuimbia mpaka asubuhi. Sikufikiria mbu, Mama Mugo. Nilifikiria kaburi tu."

Alikuwa analia, lakini mikono iliendelea kufua. Teresiah aliweka ndoo chini.

"Wazee wa zamani walisema mficha uchi hazai. Wewe umezaa, na bado unaficha. Mwambie leo. Akikufukuza utalala kwangu. Lakini damu ya huyu mtoto ipimwe."

"Kesho akitoka kanisa. Akitoka kanisa huwa mpole."

Teresiah alitaka kusema kwamba homa haiendi kanisani. Akajaza ndoo yake. Mambo ya mume na mke, alijiambia, na baadaye alijilaumu sana kwa hilo.

Jumapili hiyo Lusweti hakurudi mpole. Alirudi na shangazi yake, Senge Nabiswa, dada mkubwa wa baba yake, aliyekuwa akiishi kwa mwanawe mtaa wa Lucky Summer. Senge alikuwa amevaa sare ya akina mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani, na alipomsikia mtoto kutoka nje alitabasamu.

"Huyu ana nguvu. Analia tangu lini?"

"Tangu katikati ya wiki, Senge," Ayuma alisema. "Tunampeleka sindano lakini..."

"Sindano ya nini? Mmempa jina?"

"La ubatizo tu."

"Basi. Huyu si mgonjwa. Huyu anadai jina."

Kwao mtoto mchanga asipokoma kulia, husemwa kuna marehemu anayetaka kuitwa. Basi hutajwa mmoja mmoja, na jina litakalomnyamazisha mtoto ndilo lake. Lusweti mwenyewe alipatikana hivyo, na Senge ndiye aliyekuwa amemshika. Hakuna ubaya katika desturi hiyo, na watoto wengi wamelala usingizi mzuri baada yake. Ila haikutungwa kwa ajili ya mtoto mwenye macho ya manjano.

Senge alimpokea mtoto, akashtuka kidogo kwa joto lake, lakini alikuwa amekwisha kuanza. Akamwinamia sikioni.

"Ni wewe Walubengo? Babu, mwenye kufuga nyuki? Kama ni wewe, nyamaza unyonye."

Mtoto alilia.

"Ni Khaoya? Wewe ulipenda kelele hata ukiwa hai."

Mtoto alilia. Sauti ilikuwa imeanza kukwaruza na kuwa nyembamba. Teresiah alikuwa amefika mlangoni na uji kwenye kikombe, akasimama pale, maana hakutaka kupita katikati ya mambo ya wenyewe. Alimkazia Ayuma macho. Ayuma akafuta mikono kwenye leso.

"Baba Lorraine, kuna kitu nataka kukwambia."

"Ngoja. Wazee wanaitwa."

"Haiwezi kungoja."

"Imengoja tangu lini?" Lusweti aliuliza. Ayuma akamtazama Teresiah.

Senge aliwataja wajomba, akawataja watoto waliokufa kabla ya kutembea, akamtaja hata askari wa ukoo aliyepotea vitani Burma. Mwishowe akachoka, akaketi kitandani.

"Wa kwetu nimemaliza. Kuna mwingine wa karibuni tumesahau?"

Lusweti alikuwa ameegemea ukuta. Miezi miwili ya kungoja ilipomtoka, ilitoka kwa utulivu uliomtisha hata yeye.

"Yuko mmoja. Mwite Shiundu."

Ayuma alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama.

"Shiundu wa nyumba gani?" Senge aliuliza. "Huyo simjui."

"Mama yake anamjua. Alisimama kwa kaburi lake na wajane wenzake, na hii tumbo. Wewe mwite tu, Senge."

Senge aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akajua ameingizwa kwenye ugomvi usio wake. Angenyamaza. Lakini ukishaanza kazi ya majina huachi jina limetajwa nusu. Akainama.

"Shiundu? Kama ni wewe..."

Mtoto akanyamaza.

Lusweti akabanduka ukutani. Alikuwa amelisema jina lile ili kumwumiza mkewe, hakutazamia lijibiwe. Sasa mtoto wake mwenyewe, wa damu yake, amelia majina yote ya ukoo na kutulia kwa jina la mwanamume mwingine, mbele ya Senge, mbele ya jirani. Kwa dakika ile alimchukia mtoto. Alimchukia waziwazi, na akasema jambo ambalo halirudishwi.

"Umeona? Hata yeye anamjua babake."

Teresiah alikuwa amedondosha kikombe na kuingia. "Huyo hajanyamaza," alisema. "Mwangalieni macho."

Macho yalikuwa yamegeukia juu, mboni hazionekani. Mkono mmoja ulikuwa ukirukaruka peke yake, na midomo ilikuwa ya kijivu. Senge alianza kuomba kwa sauti. Ayuma alimnyakua mtoto kutoka mapajani mwake na alikuwa amekwisha kuvuka kizingiti kabla mtu hajasema hospitali. Shemeji yake Teresiah, Thuo, alikuwa nje akiosha pikapu ya kubebea mitumba, na aliondoka na povu likiwa bado kwenye kioo. Lusweti alirukia nyuma, akakaa juu ya gunia tupu. Mbele, kupitia kioo, aliona kisogo cha mkewe. Hakikugeuka.

Katika wodi ya watoto aliyewapokea alikuwa muuguzi, Sista Nzilani, mama mfupi mwenye sauti ya chini. Mtoto alipoacha kurukaruka na kuwekewa hewa, aliuliza swali lile lile.

"Mama, ulisafiri ukiwa na mimba?"

"Nilisafiri," Ayuma alisema. "Mwezi wa sita, Mumias. Nilienda kuzika mtu mwenye alikuwa bwana yangu mbele ya huyu. Mbu waliniuma. Kliniki waliniuliza nikasema uongo, kwa sababu huyu alikuwa amekaa karibu na mimi."

Alisema yote kwa pumzi moja, bila kumtazama mumewe. Kazi yote ile ya kuficha, na ukweli haukumaliza hata muda wa kufunga nepi.

Sista Nzilani aliashiria damu ichukuliwe, ya mtoto na ya mama. Kisha akamgeukia Lusweti. "Na wewe baba hukujua?"

Angeweza kusema hakujua. Ndivyo wote walivyodhani. Hata Ayuma alidhani labda habari zilimfikia asubuhi ile kanisani. Angeweza kubaki mume aliyedanganywa, na hata sista angemwonea huruma. Lusweti alitazama kitanda. Mtoto alikuwa amelala kimya, na kimya kile ndicho alichokiita ushahidi.

"Nilijua," alisema.

Ayuma aligeuza kichwa polepole. "Tangu lini?"

"Tangu nitoke Voi. Wandera aliniambia."

"Kwa hivyo kliniki, daktari akikuuliza, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa nangoja useme."

Sista Nzilani hakumkaripia. Alimwambia tu, "Baba, toka nje, hapa ni padogo," na alipotoka, akina mama wa vitanda vya karibu walisogeza miguu yao apite, mbali zaidi kuliko ilivyohitajika.

Damu ilijibu. Wadudu wa malaria walikuwa tele kwenye damu ya mtoto, na walikuwa pia kwenye ya mama, aliyekuwa akifua na kupika kama mtu mwenye afya. Ayuma aliyekulia huko mwili wake ulikuwa umezoeana nao. Wa mtoto haukuwa na mazoea na chochote. Akatundikiwa dripu ya kwinini, akaongezewa damu, mama naye akapewa vidonge. Kuhusu kama atapona, Sista Nzilani alisema tungoje tuone, na hilo ndilo neno ambalo wazazi wa wodi ile walilichukia kuliko yote.

Walingoja. Lusweti alikuja kila saa ya kuona wagonjwa, akasimama upande wa pili wa kitanda. Ayuma alipokea chupa ya chai aliyoileta, akasema asante jinsi unavyomwambia karani. Siku moja tu alizungumza zaidi ya hapo.

"Shiundu alikufa," alisema, macho kwenye dripu. "Hakuwa anashindana na wewe. Wewe peke yako ndio ulikuwa kwa hiyo mashindano. Na ulikuwa tayari huyu pia alale huko kwa udongo, bora tu mimi niseme."

Lusweti alitaka kusema si hivyo. Alitafuta namna nyingine ya kulisema jambo lile, likawa hivyo hivyo. Wodi ilikuwa na kelele za watoto wa wenyewe, walio na njaa, waliodungwa sindano, waliotaka kubebwa. Na yeye, mwenye wivu, akaanza kuwaonea wivu akina baba wote waliokuwa na mtoto anayelia. Wake alilala tu, akipumua kwa haraka, na wakati mwingine alitoa sauti ndogo ambayo ilibidi uiname uisikie.

Alhamisi mchana Senge Nabiswa alifika kutoka Lucky Summer, kitambaa kile kile cheupe, lakini mabega yameshuka. Alikuwa bado hajakaa vizuri mtoto alipofumbua macho, akakunja uso, akavuta pumzi, akalia. Hakikuwa kile kilio cha kukwaruza. Kilikuwa kilio cha mtu aliyekasirika kwamba hajalishwa, na kilifika mpaka mlangoni, ambapo Sista Nzilani aligeuka akatikisa kichwa kwa furaha.

Ayuma alimbeba begani, mrija wa dripu ukining'inia. Senge, kwa mazoea ya maisha yake yote, alisogea akainamia sikio la mtoto.

"Mwache, Senge," Lusweti alisema. "Mwache alie."

Alizunguka kitanda. Alikuwa na hamu ambayo hakuwahi kuwa nayo, ya kujua tu kama joto limepungua. Akanyoosha mkono kumshika mtoto hapo shingoni.

Ayuma alimhamishia mtoto bega la pili.

Hakufanya kwa hasira. Alifanya kama mtu anayebadilisha mkono uliochoka. Lusweti alibaki na mkono hewani, Senge akitazama, akina mama wa wodi wakitazama, na mtoto aliendelea kulia kwa nguvu zake zote, ng'ambo ya shingo ya mama yake.